Ile Meza ya Kizamani ya Mexico Haikuwa ya Kizamani

Wasee, leo naanza kwa kukubali makosa. Kama umekuwa ukinifuata, unakumbuka ile video ya sebule yenye meza nzito ya mbao, misumari mikubwa meusi, vigae vya buluu ukutani na kioo chenye fremu ya bati. Mimi ndiye niliyesema, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba ile meza ni mlango wa karne ya 18 uliotolewa kwenye shamba kubwa la tajiri huko Jalisco, Mexico. Niliisema vizuri sana, hadi mathe akaipeleka kwa grupu ya familia.

Hiyo story nilipewa na mwenye duka. Alinilipa nipige video, na pesa yenyewe ilikuwa ya kodi ya nyumba, kwa hivyo sikuuliza maswali mengi. Ukiwa na miaka 22 na landilodi amekupigia simu mara mbili asubuhi, karne ya 18 inakaa ukweli mtupu.

Karibu na ploti yangu kuna fundi mmoja wa mbao, mzee wa rika la babu yangu. Anatengeneza vitanda, kabati na viti vya kanisa. Jioni moja nikamwonyesha ile video nikidhani atashangaa. Akaniambia niisimamishe, akavaa miwani, akaangalia pale nilipokuwa nimepiga picha ya karibu ya yale matundu ya wadudu. Akacheka.

"Kijana, mdudu hatumii rula."

Akanionyesha. Matundu yote yalikuwa saizi moja, yameingia wima, yamepangwa kama maharagwe kwa shamba. Hiyo ni drili. Mdudu wa kweli hutembea anavyotaka ndani ya mbao, anaingia kwa pembe, anatoka pengine. Halafu akanionyesha sehemu ya chini ya meza, ambayo niliipiga kwa bahati tu: mikwaruzo ya mviringo. Hiyo ni alama ya msumeno wa mashine. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, na si yote inayolingana. Na zile alama za "kuzeeka" juu? "Hizi wamepiga na mnyororo," akasema, kama mtu anayesoma gazeti.

Manze, nililala na hiyo aibu siku tatu. Siku ya nne nikaanza kusoma. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, lakini kusoma sikuacha. Na nilichokuta ni kwamba historia ya kweli ya hizi fanicha ni tamu kuliko ule uongo niliolipwa kusema.

Tuanze na mkeka.

Kabla Wahispania hawajafika, watu wa bonde la Mexico wanaozungumza Kinahuatl walilala na kuketi kwenye mkeka wa matete unaoitwa petlatl. Hadi leo Wamexico wanauita petate. Mtawala alikuwa na kiti chake, icpalli, kiti cha matete chenye mgongo mrefu lakini bila miguu, unakalia karibu na sakafu. Ukiangalia michoro ya Wanahua ya karne ya 16, mfalme unamjua kwa hicho kiti. Na kwa lugha yao, ukitaka kusema "utawala" unataja vitu viwili tu kwa pamoja: mkeka na kiti. Yaani serikali nzima ilikuwa imekaa ndani ya samani mbili ambazo mtu anaweza kuzibeba kwa bega.

Hiyo iliniguza. Sisi hapa mtu akisema "ana kiti" tunajua anaongelea bunge ama kaunti. Wao waliona hivyo hivyo, ila kiti chao kilisukwa kwa mikono.

Na hicho kiti hakikufa. Jina lake liliingia kwa Kihispania likawa equipal. Leo katika mji wa Zacoalco de Torres, Jalisco, mafundi bado wanatengeneza equipal kwa vijiti vya mbao vinavyopishana kwa chini na ngozi ya nguruwe kwa juu. Ni vile viti vya duara unaviona kwenye hoteli za ufuoni na picha za Pinterest. Watu wanasema "rustic". Kumbe unakalia mjukuu wa kiti cha enzi.

Sasa kuja kwa Wahispania. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulianguka tarehe 13 Agosti 1521 mikononi mwa Hernán Cortés na wenyeji waliokuwa maadui wa Waazteki. Mji wa Mexico City umejengwa juu yake. Wahispania walileta kabati, kasha, meza ndefu, vitanda vya miguu, misumari ya chuma, bawaba na randa. Lakini walikuwa wachache, na majumba, makanisa na mashamba ya kujazwa samani yalikuwa mengi. Nani angechonga? Wenyeji.

Mtawa mmoja anayeitwa Pedro de Gante alifungua shule Mexico City ambapo vijana wa kienyeji walifundishwa useremala, uchoraji na kazi nyingine za mkono. Huko Michoacán, askofu Vasco de Quiroga alihimiza vijiji vya Wapurépecha kila kimoja kishike ufundi wake. Bado ukienda upande huo unakuta mji wa Santa Clara del Cobre unafua shaba. Wapurépecha walikuwa na ufundi wao tangu zamani, usidhani waliletewa kila kitu. Quiroga wanamkumbuka hadi leo kwa jina la Tata Vasco, yaani Baba Vasco. Lakini tusipake sukari: huu ulikuwa ukoloni. Shule ilikuja pamoja na kazi ya lazima, magonjwa na ardhi kuchukuliwa.

Na mara tu wenyeji walipojua kazi, kukaja karatasi.

Mwaka 1568 maseremala wa Mexico City waliwekewa kanuni za chama chao, wao pamoja na wachongaji na watengenezaji wa vyombo vya nyuzi. Ukitaka kuitwa maestro, yaani fundi mkuu, na kufungua karakana yako, lazima ufanye mtihani mbele ya wakubwa wa chama. Ukipita unapata ruhusa, usipopita unabaki kibarua wa mtu. Kwa karatasi ilikuwa ni mambo ya ubora. Kwa ukweli ilikuwa pia njia ya kuamua nani atakula mezani na nani atatengeneza meza.

Mfano ulioniuma zaidi unatoka Puebla. Mji huu ulianzishwa 1531, na ukawa maarufu kwa vyombo vya udongo vinavyong'aa, vyeupe na buluu, vinavyoitwa Talavera. Wafinyanzi wa Puebla waliandikiwa kanuni zao mwaka 1653. Kanuni zilisema kila fundi mkuu aweke alama yake kwenye vyombo vyake. Safi sana. Lakini zikasema pia kwamba mtu mweusi au chotara wa mtu mweusi asikubaliwe kufanya mtihani wa kuwa fundi mkuu.

Soma tena hapo polepole. Waafrika walikuwa wameletwa Mexico kama watumwa kwa makumi ya maelfu katika miaka hiyo, na Puebla walikuwepo. Angeweza kukanda udongo, kubeba kuni za tanuri, kusaga rangi. Alama yake chini ya sahani? Hapana. Huwezi kukatazwa mtihani kama hakuna anayeogopa kwamba utapita.

Mimi mtihani sikukatazwa na mtu, nilishindwa na karo, si jambo moja. Lakini kila harusi kuna anko ananiuliza, "Na cheti je?" Kwa hivyo niliposoma hiyo kanuni nilifunga simu, nikatoka nje kidogo.

Sasa hiyo buluu na nyeupe yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo story inakuja karibu na nyumbani. Wafinyanzi wa Iraq, katika karne ya 9, waliona vyombo vyeupe vya China wakavipenda, lakini hawakuwa na udongo kama ule. Wakabuni mng'aro mweupe kwa kutumia madini ya bati. Ufundi huo ukasafiri na Waislamu hadi Uhispania, ukashika Talavera de la Reina, halafu ukavuka bahari hadi Puebla. Hata neno la Kihispania la kigae, azulejo, limetoka kwa Kiarabu. Na vyombo vya udongo vyenye mng'aro kutoka upande huo wa Ghuba vilifika pia kwetu: wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vipande vyake Shanga na Manda, huko visiwa vya Lamu.

Halafu China yenyewe ikaja Mexico. Kuanzia 1565 hadi 1815, meli za Wahispania zilikuwa zinatoka Manila, Ufilipino, hadi Acapulco, zimebeba hariri, kauri na samani. Ndiyo maana pazia la mbao la kukunja linaitwa biombo huko Mexico, neno la Kijapani. Wafinyanzi wa Puebla walipoona kauri za China wakaanza kuziiga wazi wazi. Yaani sahani ya "kienyeji" ya Mexico ina Iraq, Uhispania, China na mikono ya wenyeji na Waafrika ndani yake. Nasi pwani yetu ilikuwa inafanya mchezo huo huo: bakuli za China zilibandikwa kwenye kuta na makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui.

Na hii hapa hata mimi sikuijua. Tangu 1580 mfalme wa Uhispania alikuwa pia mfalme wa Ureno. Kwa hivyo Fort Jesus ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, Wareno walikuwa wanajenga chini ya Mfalme Felipe II, yule yule aliyekuwa anatawala Mexico. Mwashi wa Mombasa na seremala wa Mexico City walikuwa chini ya taji moja bila hata mmoja kujua jina la mwenzake.

Wacha nikupe story moja zaidi ya kiti. Kuna kiti cha Mexico kinaitwa butaque: cha chini, kimelala nyuma, ngozi imetandazwa kama kitanda cha kamba. Kilipofika Marekani kupitia New Orleans kiliitwa kiti cha Campeche, kwa jina la bandari ya Mexico. Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa Marekani, alikipenda sana uzeeni, na nyumbani kwake Monticello vikatengenezwa vya aina hiyo. Nani alivitengeneza? John Hemmings, seremala mahiri, mtumwa wa Jefferson. Jefferson alipokufa 1826, wasia wake ulimpa Hemmings uhuru na vifaa vya karakana. Karibu maisha yake yote alikuwa mali ya mtu aliyekuwa anapumzika kwenye kazi ya mikono yake.

Sasa swali: kama hizi samani zilikuwa za wakulima, watumwa na vibarua, zilianza lini kuwa za sebule za matajiri?

Jibu kubwa ni Mapinduzi ya Mexico, 1910 hadi 1920. Kabla ya hapo matajiri wa Mexico walitaka nyumba zifanane na Paris. Mkeka na chungu vilikuwa vya jikoni, kwa mfanyakazi. Baada ya mapinduzi, serikali na wasanii wakatafuta kitu cha kusema "huyu ndiye sisi". Mwaka 1921, Roberto Montenegro na Jorge Enciso wakaandaa maonyesho makubwa ya sanaa za watu wa kawaida Mexico City, na msanii aliyejiita Dr. Atl akaandika kitabu kuzihusu. Vyungu, mikeka, masanduku ya rangi ya Olinalá, vitu ambavyo jana vilikuwa aibu, vikawa fahari ya taifa.

Frida Kahlo na Diego Rivera waliishi hivyo. Nyumba yao ya Coyoacán, ile ya buluu ambayo ilifunguliwa kama makumbusho 1958, ina jiko la vyungu vya udongo, na ukutani majina yao yameandikwa kwa vyungu vidogo vidogo. Na 1952, mbunifu mzaliwa wa Kuba, Clara Porset, aliandaa maonyesho kwenye Palacio de Bellas Artes akaweka kazi za mafundi wa vijijini pamoja na vitu vya kiwandani, kuonyesha kwamba vyote ni ubunifu. Ile butaque aliichukua akaichora upya, ikaingia kwenye nyumba za kisasa kabisa.

Nzuri. Lakini soko halikosi. Wamarekani wakapenda huo mtindo, hasa kule New Mexico, Texas na California. Wakaanza kununua milango ya zamani, makasha, mihimili, hata mabakuli ya mbao ya kukandia unga. Mlango unakuwa meza, dirisha linakuwa kioo. Mexico ilikuwa na sheria tangu 1972 inayosema vitu vya kabla ya Wahispania ni mali ya taifa na haviwezi kuuzwa nje, na inalinda pia vitu vingi vya kihistoria vya enzi za ukoloni. Milango ya kale ya kweli, kama unavyojua, haizai watoto. Inaisha. Wanunuzi hawaishi. Hapo ndipo drili na mnyororo vinapoingia, na mbao mpya inazeeka kwa wiki moja.

Na usicheke Mexico. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya 2006 inataja kwa jina mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Kimashariki kabla ya 1946 kama kitu kinacholindwa. Unafikiri kwa nini mtu aliketi akaandika mlango kwenye sheria? Kwa sababu milango ya pwani ilikuwa inatembea. Mlango ukitoka Lamu ukaenda sebule ya mtu ng'ambo, ile nyumba iliyobaki inakaa kama mdomo uliong'olewa jino.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na uko huru kunipinga. Shida ya ile meza niliyoipigia video haikuwa upya wake. Meza mpya iliyotengenezwa vizuri kwa mikono ni kitu cha heshima. Shida ni kwamba kuna fundi, pengine kule Mexico, aliikata, akaiunganisha, akaipiga mnyororo, kisha jina lake likafutwa ili pahali pake pawekwe "karne ya 18". Tulimpa sifa mtu aliyekufa ambaye hakuwahi kuwepo, tukamnyima aliye hai. Ni kanuni ya 1653 tena, ila safari hii mimi ndiye nilikuwa nashika kalamu.

Kama unapenda huo mtindo, na mimi bado naupenda, fanya hivi. Usilipie umri, lipia kazi. Mtu akikuambia ni ya kale, geuza. Angalia chini na nyuma, pale ambapo muuzaji hakupiga vanishi. Mbao ya kale inachakaa pale mkono na mguu hugusa: ukingo wa droo, mti wa chini wa kiti. Ikichakaa kila mahali sawasawa, mtu ameichakaza. Angalia matundu, angalia alama za msumeno. Vyombo vya udongo vya zamani vyenye mng'aro visitumike kwa chakula kama hujui vina nini, kwa sababu mng'aro mwingi wa kienyeji wa Mexico ulitumia madini ya risasi, na risasi ni sumu. Weka ukutani. Na kama huna pesa za Mexico, na wengi wetu hatuna, wazo lenyewe halihitaji visa: mbao nzito, ngozi, mkeka, rangi isiyoogopa. Ngong Road na Gikomba kuna watu wanaweza. Mkeka tunao tangu zamani, ni vile tu tumeupeleka chini ya kitanda.

Mimi nimeitoa ile video. Nilimwambia mwenye duka nitairudia bure nikisema ukweli, kwamba ni meza mpya ya mkono. Akakataa, akataka pesa yake. Nimerudisha nusu, nusu namalizia mwisho wa mwezi. Landilodi, kama unasoma hii, nivumilie.

Halafu nikaenda kwa yule fundi nikamwagiza kiti cha chini, cha mtindo wa butaque, ngozi ya mbuzi kwa sababu ndiyo tuliyopata. Nilimwonyesha picha, akaiangalia dakika tano, akasema miguu ya hao watu imekaa vibaya akairekebisha. Kilipoisha nikampa kalamu ya alama nikamwambia, "Mzee, andika jina lako hapa chini." Akakataa kwanza, akasema hakuna mtu huandika jina kwenye kiti. Nikamwambia Puebla walikuwa wanaandika, wale walioruhusiwa.

Akainama, akaandika polepole. Nilipogeuza kiti nikakuta jina moja, na chini yake namba ya simu.

"Jina pekee litanisaidia nini?" akaniuliza. "Mtu akikipenda, apige."

Sasa inuka, geuza kiti ulichokalia. Uangalie kama kuna mtu hapo chini.